FAILI LISILOINGIA: MAZUNGUMZO JUU YA KUHIFADHI KASETI ZETU

(Mazungumzo yaliyotolewa Kigoma mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, na kuchapwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



Kamati imenipa nusu saa, tena imenipa mada ambayo nilipoisoma katika barua ya mwaliko nilicheka peke yangu: "Kwa nini faili kubwa hukataa kuingia katika diski, na tufanyeje." Najua wapo miongoni mwetu waliokuja kwa ajili ya migebuka inayokaangwa nyuma ya bwalo, na harufu yake inanifikia hata mimi hapa mbele. (Kicheko.) Hata hivyo naomba mnivumilie, maana jambo hili limekwisha kutugharimu kitu kisichonunulika, na aliyetugharimu ni mimi ninayesema nanyi.

Mnakumbuka mkutano wetu wa mwaka 2007. Mzee wetu, mwalimu wa Hisabati aliyewafundisha baadhi yenu na baba zenu, alikubali baada ya kubembelezwa sana kusimama na kutueleza historia ya shule tangu siku za kwanza. Alizungumza karibu saa nzima, bila karatasi, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine ukihesabu vidole. Tulikuwa tumekodi kamera ya kaseti ndogo za dijitali, nayo kaseti moja ikayachukua maneno yake yote toka mwanzo hadi mwisho. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyejulikana kuwa "mtu wa kompyuta", nilipewa kazi ya kuihamishia filamu ile katika diski.

Nilinunua diski ya nje ya gigabaiti 80. Nikaipeleka katika studio moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lao peke yao. Kijana akaichomeka kaseti jioni, akaiacha mashine inafanya kazi, akaenda zake kula. Asubuhi akakuta faili lipo. Nami nikaja, nikatazama dakika tano za mwanzo, nikamwona Mzee anakohoa, anasalimia, anaanza. Nikaridhika, nikalipa, nikatia sahihi. Kaseti zilikuwa adimu siku zile. Ile yetu ilirudishwa nyuma ikarekodiwa harusi ya Mwanga.

Mzee alifariki mwaka 2009. Siku ya hitima pale Ujiji watoto wake waliniomba niwaonyeshe jamaa ile filamu. Tukatundika shuka jeupe ukutani, watu wakajaa ua mzima hadi barazani. Mzee akaanza kueleza. Akafika mahali anawataja wanafunzi wa mkupuo wa kwanza, mmoja mmoja, na kijiji alikotoka kila mmoja. Akamtaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akainua kidole cha tano, akafungua kinywa, na picha ikakatika.

Nilidhani ni umeme. Lakini taa zilikuwa zinawaka. Nikatazama saa ya filamu: dakika ya 19 na sekunde kadhaa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mtoto wake mkubwa akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Ami, mengine yako wapi?" Swali hilo ndilo limenileta mbele yenu leo.

Sasa nieleze kilichotokea. Nitajaribu kulieleza bila kuwachosha, kwa mfano wa stakabadhi. Wale tuliokulia katika biashara ya mawese na dagaa tunavijua vitabu vya stakabadhi vya mizani. Chukulieni kitabu ambacho mahali pa kuandika kilo mchapaji ameweka visanduku vinne tu. Ukileta kilo 850, vinatosha. Ukileta kilo 9,999, navyo vinatosha, lakini kwa shida. Ukileta kilo 10,000, karani hana pa kuiandika ile tarakimu ya tano. Ghala linaweza kuwa tupu kabisa, lenye nafasi ya tani mia. Mzigo wako hautapokewa, kwa sababu kinachokosa nafasi ni daftari, wala si ghala.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kila diski, kila kadi, kila flashi ina daftari lake linaloandika jina la kila faili, lilipoanzia na ukubwa wake. Daftari lililoenea kuliko yote duniani linaitwa FAT, na mizizi yake ni ya mwaka 1977. Watu wa kampuni ya Microsoft walilirekebisha mara kadhaa, na toleo lililotufikia wengi wetu, FAT32, lilikuja na toleo lililorekebishwa la Windows 95 mwaka 1996. Katika daftari hilo, mahali pa kuandika ukubwa wa faili pana visanduku 32, na kila kisanduku huingia sifuri au moja tu. Ukivijaza vyote kwa moja unapata baiti 4,294,967,295. Hizo ni gigabaiti nne kasoro baiti moja. Faili likizidi hapo hata kwa herufi moja, halina pa kuandikwa, hata kama diski ina gigabaiti 80 na zote ni tupu.

Na wale waliobuni tusiwalaumu sana. Mwaka 1977 disketi ilichukua kilobaiti mia kadhaa. Kumwambia mtu siku hiyo kuwa atakuja kuwa na faili la gigabaiti nne ingekuwa sawa na kumwambia mvuvi wa Kibirizi kuwa mtumbwi wake utafupika kwa kubeba behewa.

Sasa chukueni kalamu. Filamu ya kaseti ile ndogo, ikihamishwa jinsi ilivyo, hula takriban gigabaiti 13 kwa saa. Gigabaiti nne basi zinatosha dakika 19 na ushei, hazifiki 20. Diski yangu ilitoka dukani ikiwa na daftari la FAT32, kama zilivyotoka nyingi za siku zile, ili isomeke katika kila aina ya kompyuta. Mashine ya studio iliandika, ikaandika, daftari likajaa, ikasimama. Mzee mwenyewe alikuwa mwalimu wa Hisabati. Ningemwuliza swali hilo akiwa hai, angelikokotoa kichwani kabla sijamaliza kusema. (Kicheko.)

Nililolitenda vibaya si kuwa na diski ya FAT32, bali kutotazama mwisho. Faili lililokatika huanza sawasawa kabisa na faili zima. Ukitaka kujua kama kitu kimefika chote, kimbilia mkiani.

Somo hilo, kwa aibu yangu, nilikuwa nimekwisha kufundishwa miaka kumi na tano kabla. Wengi wetu tulimaliza shule bila kuiona kompyuta kwa macho. Vijana wasishangae: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na amri hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa, hata televisheni Bara tuliipata mwaka 1994. Mimi kompyuta ya kwanza niliikuta kazini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika ofisi iliyokuwa ikiandika hesabu za samaki wanaoshushwa mialoni. Miaka hiyo utafiti wa ziwa ulikuwa umechangamka. Mradi wa FAO na Ufini, ulioanza mwaka 1992, ulikuwa na watu Bujumbura, Uvira, Kigoma na Mpulungu, na takwimu za ziwa moja lenye nchi nne hazikuwa na budi kusafiri. Zilisafiri katika disketi.

Disketi ya inchi tatu na nusu ilichukua megabaiti 1.44. Leo picha moja ya simu haiingii humo. Ofisi yetu ilikuwa na faili la hesabu za mwaka mzima ambalo hata baada ya kubanwa lilihitaji disketi tano. Programu ya kubana ilikuwa na ufundi wa kuligawa: inajaza disketi ya kwanza, inakuambia "lete ya pili", unaleta, na kuendelea. Nikaziandika namba kwa kalamu ya wino, nikazifunga katika mfuko wa nailoni, nikampa mwenzangu aliyekuwa anapanda boti kwenda Bujumbura.

Njiani ziwa lilichafuka, kama mnavyolijua linapoamua. Disketi nne zilifika kavu. Ya tano ilikuwa chini ya mfuko, ikalowa. Nilipopata habari nikajifariji: basi tumepoteza sehemu ya tano tu, yaani hesabu za Oktoba hadi Desemba. La hasha! Tulipoteza zote. Mashine kule Bujumbura ilipoanza kazi, kitu cha kwanza ilichokiomba kilikuwa disketi ya mwisho. Programu zile huandika orodha ya vilivyomo mwishoni kabisa mwa mzigo, baada ya kumaliza kufunga; bila ile orodha, vipande vinne vilivyo salama ni kama kurasa za Msahafu zilizochanwa na kutupwa chini: kila neno lipo, lakini msomaji wa kawaida hajui aanzie wapi.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikiandika disketi ya mwisho mara mbili, na mwenye boti anabeba moja, abiria anabeba nyingine. Na hata hivyo, ndugu zangu, mwaka 2007 nilitazama dakika tano za mwanzo nikaenda nyumbani.

Niruhusuni hapa nitoke nje ya kompyuta kidogo, niende bandarini. Sisi wa Kigoma tuna mfano bora kuliko wote wa jambo hili, nao ulielea mbele ya macho yetu tulipokuwa wanafunzi. Nasema habari ya meli ya Liemba.

Meli ile iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Urefu wake ni kama mita 71. Ziwa letu halina mlango wa bahari unaopitika kwa meli, na uso wake uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Hapakuwa na njia ya kuileta meli nzima. Basi wakaifungua tena, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, yakaja Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo kwa reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi wa Papenburg walikuja na mzigo wao. Vipande vikaunganishwa upya hapa hapa ufukweni, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini.

Behewa lilikuwa na kikomo chake, na meli ilikuwa na ukubwa wake. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa. Kilichowezesha kazi ni kwamba kila bamba lilijulikana linakaa wapi. Hebu fikirini masanduku elfu tano yanashushwa kituoni bila namba wala orodha! Hadi leo tungekuwa tunaezekea mabamba yale vibandani. (Kicheko na makofi.) Na ninyi mnajua yaliyofuata: Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wanaondoka, baada ya kuzipaka mitambo yake mafuta mazito, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Aliyepaka mafuta alikuwa anamfikiria mtu atakayekuja kufungua. Nami nawaombeni tuzifunge kaseti zetu kwa moyo huo.

Narudi kwenye kazi. Kamati imekusanya kaseti 11 za mikutano yetu: nyingine za VHS, nyingine hizi ndogo. Unyevu wa ziwa unazila. Mbili nimekwisha kuona ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Zote zikiwa za saa moja moja, tunazungumzia gigabaiti 143 hivi, katika mafaili ambayo kila moja linaipita ile gigabaiti nne mara tatu. Tufanyeje?

Njia iliyo rahisi ni kubadilisha daftari. Yapo madaftari mengine yenye visanduku vingi zaidi. Lipo NTFS, lililoanza na Windows NT mwaka 1993. Lipo exFAT la mwaka 2006, ambalo ndilo linalotumika katika kadi za kamera zinazozidi gigabaiti 32. Mwaka 2019 Microsoft walichapisha maelezo yake hadharani, na mwaka huo huo likaingia rasmi katika Linux. Mafaili yetu kwa madaftari hayo ni madogo sana. Diski kuu ya kuhifadhia, ile itakayokaa katika kabati la chuma la katibu, naomba iwe ya namna hiyo, na isiwe moja, ziwe mbili, na ya pili isikae katika jengo moja na ya kwanza.

Lakini tahadhari. Kubadilisha daftari kwa kawaida kunafuta kila kilichomo katika diski. Windows ina amri ya kuigeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta, lakini hata hiyo msiitumie kabla hamjanakili mafaili mahali pengine. Nimemwona mtu aliyepewa flashi na shemeji yake aitie filamu ya harusi, ikakataa, akabonyeza "fomati", ikakubali, na picha zote za marehemu mama wa shemeji zikaenda na upepo. Ugomvi ule uliamuliwa na wazee.

Tena fikirini nani atakayesoma. Filamu hizi tunataka zifike Kasulu, Kibondo, Uvinza, mpaka vijiji vya kusini mwa ziwa ambako mtu ana televisheni ya zamani na redio ya sabufa. Vyombo hivyo vingi vinaijua FAT32 tu. Ukimpelekea mzee flashi ya exFAT, sabufa yake itakaa kimya, naye atasema mmempelekea flashi mbovu. Kwa hiyo kikomo cha gigabaiti nne hatujaachana nacho, hata kama kompyuta zetu wenyewe zimekwisha kukivuka.

Hapo ndipo inapokuja njia ya kugawa, na hapa nataka nikae kidogo, maana kugawa kuko kwa namna mbili na watu wanazichanganya.

Namna ya kwanza ni kugawa kwa kisu kipofu: unaiambia programu ikate faili kila baada ya gigabaiti kadhaa, popote kisu kitakapoangukia. Vipande hivyo havichezi kila kimoja peke yake. Kipande cha pili hakina kichwa. Na katika filamu za aina ya MP4, aghalabu hata cha kwanza hakichezi, kwa sababu orodha yake, kama ile ya disketi za Bujumbura, huwa imeandikwa mwishoni. Namna hii inafaa kusafirisha tu, kwa mtu anayejua kuunganisha. Inafaa sana, tena, kwa mji uliolelewa na umeme wa jenereta za dizeli kama wetu. Mnazijua zile jioni. Umekaa saa mbili unanakili faili moja kubwa, umebakiza dakika kumi, umeme unakwenda. Daftari la FAT halina kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa njiani. Umeme ukirudi unakuta faili halimo, au limo na ukubwa wake ni sifuri, na ukiifanyia diski ukaguzi unapata vipande mayatima vyenye majina kama FILE0000.CHK, visivyojua baba wala mama. Ukiwa umegawa vipande ishirini, unapoteza kile kimoja tu kilichokuwa mkononi.

Namna ya pili ni kugawa kwa maungio, kama fundi wa meli. Unatazama filamu, unakata pale msemaji mmoja anapomaliza na mwingine kuanza, na kila kipande kinakuwa filamu kamili yenye kichwa na mkia wake. Kamera nyingi za dijitali zimefanya jambo la namna hiyo zenyewe kwa miaka mingi: zikikaribia kikomo zinafunga faili na kufungua jingine bila kukuambia. Ndiyo maana mtu anarekodi mahafali ya saa mbili, anakuta mafaili matano, ananakili la kwanza, anasema, "Kamera imekata." Haikukata, kaka. Mengine manne yamo katika kadi, na wewe umeifuta kadi.

Kuna jambo dogo la namba ambalo limewapoteza watu wengi. Kompyuta nyingi hupanga majina kama karani wa kamusi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiviita vipande vyako 1, 2, 3 hadi 12, karani huyo atakupangia 1, kisha 10, 11, 12, halafu ndipo 2. Mkiunganisha kwa mpangilio huo, Mgeni Rasmi ataaga kabla hajafika. (Kicheko.) Andikeni 01, 02, 03. Na jina libebe mwaka na namba ya kaseti, si "video mpya" wala "video mpya kabisa".

Kuunganisha katika Windows kunaweza kufanywa kwa amri ile ya zamani ya kunakili, COPY, ukiweka alama ya kujumlisha baina ya vipande. Lakini lazima iandikwe pamoja na /B. Ukiisahau herufi hiyo, mashine inadhani inaunganisha barua, na katika barua za zamani baiti yenye thamani 26 ilikuwa alama ya mwisho wa maandishi. Ndani ya filamu baiti hiyo imejaa kila mahali, na mashine ikiikuta ya kwanza inahesabu kuwa kipande kimekwisha. Unapata faili dogo la kuchekesha. Hivyo basi: jumlisheni ukubwa wa vipande kwa baiti, si kwa gigabaiti za kukadiria, na mfananishe na ukubwa wa faili lililounganishwa. Zikitofautiana hata kwa moja, msifute kitu. Vijana wanaojua wanaweza kwenda mbele zaidi wakapiga hesabu ya MD5, ambayo hulipa kila faili kitu mfano wa alama ya dole gumba. Tuiandike katika daftari la karatasi.

Kuna wale watakaoniambia, "Bana tu filamu iwe ndogo." Ni kweli, saa nzima ya filamu inaweza kubanwa ikawa gigabaiti moja au mbili, na machoni pa mzee wa kijijini ikawa njema. Kwa kugawia jamaa, tufanye hivyo, ni busara. Lakini kubana kwa namna hiyo ni kutupa, na kilichotupwa hakirudi. Nakala kuu ibaki jinsi ilivyotoka katika kaseti.

Nisisahau kuongeza, kwa ajili ya mafundi waliomo humu, kwamba programu nyingine za zamani husimama kwenye gigabaiti mbili badala ya nne, hata diski ikiwa nzuri. Hizo zilitenga kisanduku kimoja kati ya vile 32 kwa ajili ya kuonyesha kama namba ni hasi au chanya, kikabaki 31, ndiyo baiti 2,147,483,647. Faili lenye ukubwa hasi sijaliona bado, ila naona lile la 2007 lilikaribia. (Kicheko.)

Sasa mtaniuliza, na yale maneno ya Mzee? Baada ya hitima nilizunguka nikiuliza. Nilikwenda Kasulu, nikaenda Mwandiga, nikapiga simu hadi Tabora. Mwenzetu mmoja, ambaye amekaa safu ya tatu na amenikataza kumtaja, alikuwa na redio kaseti mapajani siku ile. Alirekodi upande mmoja tu, dakika 30, kisha akasahau kugeuza kwa kuwa aliyavutiwa maneno. Tunamshukuru kwa kusahau huko na kwa kukumbuka kwake. (Makofi.) Kutoka pale picha inapokatika, tunayo sauti ya Mzee kwa dakika karibu 11 zaidi. Anamtaja wa tano, na wa sita, na wa saba, mpaka wa kumi na mmoja. Anasikika akicheka. Mtu anapita na sinia la vikombe. Kisha utepe unafika mwisho, naye yumo katikati ya habari ya jengo la maabara, na nusu saa iliyobaki hatunayo na hatutakuwa nayo.

Niliipeleka sauti hiyo Ujiji kwa wanawe. Mtoto wake mkubwa aliisikiliza mara mbili bila kusema. Halafu akaniuliza kama nimeinakili. Nikamwambia nimenakili mara tatu. Akasema, "Na umesikiliza mpaka mwisho?" Nikamjibu, ndiyo, Ami, mpaka mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Kazi itaanza Jumatatu katika chumba cha zamani cha maktaba. Nahitaji vijana wawili wenye subira, kwa sababu kila kaseti itatazamwa yote, dakika kwa dakika, na atakayeitazama ataandika katika daftari hili jina lake na neno la mwisho alilolisikia kabla ya utepe kwisha. Daftari linaanza kuzunguka kutoka upande wa mlangoni. Tafadhali kila aliye na kaseti, kadi au simu ya zamani yenye picha za shule aandike humo. Namba 7 katika orodha ya kamati, ile ya mkutano wa 2001, haipo kabatini, na aliyeiazima yumo humu ndani. Ailete hata kama amekwisha kurekodi juu yake harusi ya binti yake; tutaitazama harusi yote mpaka mwisho, huenda utepe wa nyuma ulibaki.